Ngazi ya Mishahara na Rangi ya Ngozi

Katika historia niliyofundishwa shuleni, nami baadaye nikaifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, watu wa Afrika Mashariki ya kikoloni walipangwa kama vyombo kabatini. Rafu ya juu alikaa Mzungu: mtawala, mlowezi, mmisionari. Rafu ya kati alikaa Mhindi, na huyo kila mara alikuwa dukani, nyuma ya mizani na marobota ya khanga. Rafu ya chini alikuwa Mwafrika, mkulima au kibarua. Picha hiyo si ya uongo, lakini ina pengo. Humo hayumo Mhindi aliyeshika randa na nyundo, aliyelipwa kwa saa, aliyefukuzwa kazi bila notisi, na ambaye siku moja alisimama nje ya lango la karakana pamoja na wenzake akakataa kuingia.

Pengo hilo nimelifikiria sana tangu nistaafu. Hapa Kiboriloni, kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Himo na Taveta, vijana wakipumzika baada ya soko hawakosi mazungumzo ya siasa. Nimewasikia mara nyingi wakisema kwamba Wahindi walikuwa na Wazungu wao, na kwamba katika madai ya wafanyakazi Mwafrika alipigana peke yake. Wasemao hivyo ni vijana wenye akili, nami siwabezi, wamekipokea walichopewa. Lakini, ndugu msomaji, mtu akiamini kwamba wafanyakazi wa rangi mbalimbali hawajawahi kusimama pamoja, ataamini pia kwamba hawawezi kusimama pamoja. Kwa hiyo inafaa tuulizane: je, waliwahi? Na kama waliwahi, nini kiliwatenganisha?

Tuanze na reli, maana reli ndiyo iliyowakusanya. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta kutoka India vibarua na mafundi zaidi ya 31,000 kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na maelfu kadhaa wakabaki. Huku kwetu reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaiunganisha na ile ya Voi kupitia Taveta na Kahe. Tangu hapo habari za karakana za Nairobi na za gati la Mombasa ziliweza kufika Moshi kwa behewa, pamoja na barua na mizigo.

Katika reli hizo, kama katika posta na idara nyingine za serikali, mishahara ilipangwa kwa ngozi. Palikuwa na ngazi ya Wazungu, ngazi ya Waasia na ngazi ya Waafrika. Mambo haya hayakuwa siri wala tabia tu ya bwana fulani mwenye roho mbaya; yaliandikwa. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar na kutoa taarifa yake mwaka 1948, iliafiki kwamba mtumishi asiye Mzungu, hata akifanya kazi ileile, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo iliendelea mpaka Tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 ifutwe. Msomaji wa historia ya Marekani atashtuka kidogo hapa, kwa kuwa hesabu hiyo ataikumbuka. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 ilisema kwamba, katika kugawa viti vya bunge, watumwa wahesabiwe kwa sehemu tatu kwa tano za idadi yao. Sisemi kwamba wajumbe wa Tume ya Holmes waliinakili kutoka huko. Nasema tu kwamba wenye kupima watu kwa rangi, katika karne mbili tofauti na mabara mawili tofauti, walifikia kipimo kilekile.

Sasa tuitazame ngazi hiyo ilivyofanya kazi, maana ubaya wake haukuwa katika shilingi peke yake. Fundi Mzungu alimwogopa fundi Mwasia, kwamba ataifanya kazi yake kwa nusu ya ujira. Fundi Mwasia naye alimwogopa Mwafrika aliyekuwa akijifunza ufundi pembeni yake, kwamba kesho mwajiri atamweka mahali pake kwa robo. Mwafrika alimwona Mwasia amekalia kidato kilicho juu ya kichwa chake, akaamini kwamba huyo ndiye anayemzibia njia. Kila mmoja alimtazama aliye karibu naye, na hakuna aliyepata wasaa wa kumtazama aliyeichonga ngazi. Mwajiri hakuwa na haja ya kuwagombanisha kwa maneno. Daftari la mishahara lilimfanyia kazi hiyo kila mwisho wa mwezi.

Mtu mmoja alilielewa daftari hilo mapema kuliko wengi. Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh huko Punjab, akaja Nairobi mwaka 1927 kumfuata baba yake. Baba huyo, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala wa reli, na baadaye alifungua kiwanda cha kuchapa. Mwaka 1935 Makhan Singh, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichaguliwa katibu wa chama kilichoitwa chama cha wafanyakazi Wahindi. Jambo la kwanza kubwa lililofanyika chini yake lilikuwa kulibadili jina hilo. Mwaka uleule chama kikawa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya, na mlango wake ukafunguliwa kwa mtu yeyote, wa rangi yoyote na dini yoyote. Mwaka 1937 kikajiita cha Afrika Mashariki nzima.

Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa upole wa moyo tu. Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Maadamu fundi Mwafrika analipwa kidogo, mshahara wa fundi Mwasia hauna salama, kwa sababu mwajiri ana wa kumtishia naye. Kumtetea Mwafrika ilikuwa ndiyo njia ya Mwasia kujitetea. Mwaka 1936 chama kilidai siku ya kazi ya saa nane, na mwaka 1937 mafundi wa Nairobi, wengi wao Waasia, waligoma siku 62 wakapata nyongeza. Miaka miwili baadaye, makuli na vibarua wa Mombasa walipogoma, chama hicho kilikuwa upande wao.

Serikali ilimtambua adui wake. Makhan Singh alipokwenda India mwishoni mwa mwaka 1939, Waingereza walimkamata huko mwaka 1940 na kumzuilia mpaka mwaka 1945. Aliporudi Kenya Agosti 1947 alikuta Waafrika wamekwisha kufanya makubwa wenyewe. Tarehe 13 Januari mwaka huo wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi kwa siku 12, na uwanja wao wa mikutano wakauita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa na kupelekwa Baringo. Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo ukaifuata reli hadi bara.

Hapo ndipo mikondo miwili ilipokutana. Tarehe 1 Mei 1949 liliundwa huko Nairobi shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Rais wake akawa Fred Kubai wa chama cha wafanyakazi wa usafiri, na Katibu Mkuu akawa Makhan Singh. Serikali ilikataa kuliandikisha. Machi 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, shirikisho liliwataka wafanyakazi wasishiriki sherehe hizo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, kwenye mkutano wa pamoja wa chama cha siasa cha Waafrika na kile cha Wahindi, Makhan Singh alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka vijana wetu wakijue. Kesho yake Nairobi iligoma. Mgomo ukachukua zaidi ya wiki moja na kuenea miji mingine. Waliogoma walidai kima cha chini cha shilingi 100 kwa mwezi, na walidai viongozi wao waachiwe, wote wawili, Mwafrika na Singasinga. Wapishi, wafagizi wa barabara, wachukuzi na makarani, karibu wote Waafrika, walihatarisha posho ya watoto wao kwa ajili ya watu wawili ambao mmoja wao alivaa kilemba na kuzungumza Kipunjabi nyumbani kwake. Hakuna aliyewaamuru kumpenda. Walimjua kwa kazi yake.

Makhan Singh alizuiliwa kuanzia mwaka huo hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na mmoja, huko Lokitaung, Maralal na Dol Dol. Alipotoka, Kenya ilikuwa karibu na uhuru, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na viongozi wengine na mwelekeo mwingine. Hakuna aliyempa nafasi ya kuongoza. Aliandika historia ya vyama hivyo, iliyotolewa mwaka 1969, na akafariki Mei 1973.

Nilitaja Marekani, ngoja niirudie, kwa sababu mwaka uleule wa 1937, mafundi wa Nairobi walipogoma siku 62, jambo linalofanana na hilo lilikamilika huko. Kampuni ya Pullman ilikuwa na mabehewa ya kulala, na wahudumu wake walikuwa watu weusi walioitwa wapagazi. Abiria wengi walimwita kila mmoja wao George, kwa jina la mwenye kampuni, kana kwamba hakupewa jina na mama yake. Vyama vikubwa vya wafanyakazi wa reli, vya madereva wa treni na wachochea moto, havikumkubali mtu mweusi. Mwaka 1925 wapagazi hao waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph. Ikawachukua miaka kumi na miwili kuifikisha kampuni kwenye mkataba, yaani Agosti 1937.

Randolph alikuwa na shida ambayo Makhan Singh angeielewa. Chama chake kiliingia katika shirikisho kubwa lililokuwa na vyama vilivyobagua, na yeye akabaki humo akipiga kelele. Mwaka 1959 alizozana hadharani na rais wa shirikisho, George Meany, juu ya vyama hivyo. Shirikisho hilohilo lilikuwa limemsaidia Tom Mboya kwa dola 35,000 ili kujenga makao ya wafanyakazi Nairobi, na jengo likaitwa Nyumba ya Mshikamano. Mshikamano uliovuka bahari ulikuwa haujavuka bado milango ya baadhi ya vyama vya kwao. Siutaji mfano huu ili kuwacheka Wamarekani. Nautaja kwa kuwa yetu yalifanana nao.

Huku Tanganyika chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, kiliundwa mwaka 1955, na herufi ya tatu katika kifupi hicho ilisimama badala ya neno Waafrika. Mwaka huohuo liliundwa shirikisho la TFL, ambalo Katibu Mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa mwaka 1960 TRAU, ikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, iligoma kwa siku 82. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa reli hapo Moshi, na siku zote hizo 82 alikula ndizi za kihamba cha babu kama sisi wengine, akilima kahawa asubuhi na kushuka stesheni mchana kusikiliza habari. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kuhusu Waasia waliokuwa wakifanya kazi naye. Akaniambia kwamba makarani na mafundi hao waliendelea kuingia kazini, na kwamba wenzake waliwachukia kwa hilo. Halafu akanyamaza, akavuta kata yake ya mbege, akasema: "Lakini hatukuwaalika. Chama kilikuwa na jina, na jina halikuwa lao."

Sijasoma katika kitabu chochote maelezo mafupi kuliko hayo juu ya jambo hili. Ngazi ya mkoloni iliwagawa watu kwa rangi, na vyama vilivyoundwa kupigana na ngazi hiyo vilichukua mgawanyo uleule vikauandika mlangoni. Ilikuwa rahisi hivyo, na serikali haikuona ubaya wake.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa gumu zaidi. Tumbo na viongozi wengine wa vyama walitaka kazi zipewe Waafrika haraka. Hoja yao ilikuwa na haki ndani yake. Mtu aliyezuiwa kupanda kwa miaka arobaini kwa sababu ya ngozi yake hawezi kuambiwa siku moja kwamba sasa ngozi haihesabiwi, wakati kidato cha juu bado kimekaliwa na walewale. Mwalimu Nyerere kwa upande wake alishikilia kwamba haki ya raia haina rangi. Katika mjadala wa uraia bungeni, Oktoba 1961, alikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa ngozi. Na Januari 1964 alitangaza kwamba katika ajira za serikali raia wote watatendewa sawa, awe Mwafrika, Mwasia au Mzungu. Vyama vilipinga. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito waliasi. Baada ya maasi kuzimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, viongozi wa vyama wapatao 200 walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mwezi Februari ikaundwa NUTA, chama kimoja chini ya mkono wa serikali. Tayari mwaka 1962 sheria zilikuwa zimebana haki ya kugoma, na aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Kawawa, katibu wa zamani wa TFL.

Hapa nasimama kwa uzito, na namwomba msomaji asimame nami. Katika suala la rangi, naamini Mwalimu alikuwa sahihi. Lakini usawa wa rangi ulikuja kama agizo kutoka juu, na mwaka huohuo chombo ambacho kingewawezesha wafanyakazi wenyewe kuujenga kutoka chini kilivunjwa. Fundi Mwafrika na fundi Mwasia waliambiwa kwamba wako sawa. Hawakupata nafasi ya kugoma pamoja hata mara moja kwa hiari yao wakajua kama ni kweli. Na kwa upande wa viongozi wa vyama, walipodai kidato cha Mwasia badala ya kudai ngazi yenyewe ibomolewe, walimpa kila Mwasia sababu ya kuwaogopa na wakampa kila mwenye mamlaka sababu ya kuwanyamazisha. Pande zote mbili zilipoteza kitu ambacho wagomaji wa Nairobi walikuwa nacho kwa siku chache mwezi Mei 1950.

Kwetu mlimani, mababu walichimba mifereji ya kuleta maji vihambani. Siku ya kuuzibua mfereji, kila anayetumia maji yake aliitwa, na asiyefika alitozwa. Hakuna aliyeulizwa kama anampenda jirani yake. Wengine walikuwa na kesi za mipaka kwa mzee, na bado walisimama bega kwa bega wakitoa tope, kwa sababu maji yalikuwa mamoja. Huo ndio mshikamano ninaouelewa. Haungojei watu wapendane kwanza. Unaanzia mahali ambapo wametambua kwamba wanakunywa mfereji mmoja, na upendo ukija baadaye ni heri zaidi.

Vijana wengi wa vijiji vyetu leo ni wapagazi, kama wale wa Pullman, ila wao hubeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro. Nao wana ngazi yao: kiongozi wa msafara, msaidizi wake, mpishi, na chini kabisa mpagazi. Wanapogombana husikia maneno ya "huyu ni wa hapa" na "yule ni wa kuja", huyu Mchaga, yule wa mkoa mwingine, kwamba wa kuja ndiye anayeshusha bei. Rangi haimo tena katika maneno hayo, lakini muundo wake naufahamu. Wa kuja akikubali ujira mdogo, anakubali kwa sababu hana mtu wa kumwambia akatae. Nani alimwalika?

Kwa hiyo nawaomba wanapounda chama, na wanayo haki ya kuunda, wafikirie sana jina la kukiandika mlangoni. Kisha walitazame daftari la mishahara, wajue limechorwa na nani.